Gari la Zamani Linakosa Mafuta: Fuata Petroli Kutoka Tangini Hadi Kwenye Kabureta

Gari la zamani likianza kukohoa barabarani, neno la kwanza linalowatoka wengi ni "pampu". La pili ni "kabureta". Mwenye gari ananunua pampu mpya, gari linatulia siku mbili, kisha linarudia yale yale. Kabureta inafunguliwa, inasafishwa, inafungwa, na bado.

Yalinikuta. Gari langu lilikuwa likienda vizuri kwa dakika kama ishirini, halafu linapungukiwa nguvu kidogo kidogo kama mtu anayeishiwa pumzi, mwishowe linazima. Nikilipumzisha dakika kumi, linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Fundi alibadilisha pampu, akabadilisha koili inayotoa umeme wa plagi, akaweka vifaa vipya ndani ya kabureta. Ugonjwa ulikuwa kwenye kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja, pale juu ya tangi. Kwa nje kilikuwa kizima kabisa. Nilipokipasua kwa wembe nikakuta tabaka la ndani limebanduka upande mmoja, limebaki kama ulimi. Petroli ikivutwa kwa nguvu, ulimi ule unainuka na kuziba njia. Injini ikizimwa, mvuto unakatika, ulimi unalala tena na njia inafunguka.

Tangu siku hiyo sibadilishi kitu kabla ya kupima, na mwongozo huu umejengwa juu ya hilo. Unahusu magari ya kabureta, yenye pampu ya kusukumwa na injini au ya umeme. Kama gari lako ni la kupuliza mafuta (fuel injection), kwa mfano lenye mfumo wa K-Jetronic ulioanza kutumika mwaka 1973, usilegeze mpira wowote kwa maelezo haya. Mle ndani kuna presha ya karibu bar 5, na petroli itakurukia usoni.

Kabla ya kushika spana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni, unajaza shimo la gereji, na unawaka hata kwenye baridi kali. Fanya kazi hii nje au mahali penye upepo wa kutosha. Weka karibu kizimamoto cha unga au cha povu, si nyuma ya gari bali pale mkono wako unapofika. Vaa miwani. Tumia tochi ya betri, si balbu ya waya inayoweza kuanguka na kupasuka. Usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni hata kidogo inaweza kukuua. Na usikubali mtu amimine petroli kwenye koo la kabureta huku mwingine anapiga stata. Injini ikitema moto kwa juu, chupa iliyo mkononi mwake ndiyo itakayowaka.

Kwanza, hakikisha ni mafuta na si moto wa plagi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu koili au kondensa (kifaa kidogo kinachofanya kazi na koili) inayochoka ikipata joto huleta dalili zinazofanana sana na kukosa mafuta: gari linazima likiwa la moto, linawaka likipoa.

Sikiliza linavyokufa. Kukosa petroli mara nyingi huja taratibu: nguvu inapungua, gari linasukasuka mbele na nyuma, kabureta inapiga chafya, ukipunguza akseleta linapata nafuu kidogo. Moto wa plagi ukikatika, gari hukatika ghafla kama taa iliyozimwa. Si sheria isiyovunjika, lakini ni mwanzo mzuri.

Kisha thibitisha kwa macho, na ufanye hivyo wakati ugonjwa upo, si baada ya gari kupoa. Beba kifaa cha kupimia cheche ndani ya gari. Likizima, kabla ya kitu kingine chochote, pima cheche. Kama ni ya buluu na yenye nguvu, endelea na mafuta. Toa na plagi moja uitazame. Plagi kavu yenye weupe inaelekeza kwenye kukosa petroli, iliyolowa na kunuka petroli inasema mafuta yanafika na shida ni nyingine.

Kwa kabureta zenye pampu ndogo ya akseleta, toa kifuniko cha filta ya hewa, injini ikiwa imezimwa, chungulia kooni na uvute waya wa akseleta kwa mkono. Lazima uone mchirizi wa petroli ukiruka. Ukiuona, bakuli la kabureta, yaani chumba chake cha kuhifadhi petroli, lina petroli. Kabureta za SU na Stromberg za aina ya CD hazina pampu hiyo, kwa hiyo kutoona mchirizi huko hakumaanishi chochote.

Tangi na kifuniko chake

Usiamini geji. Kifaa chake cha ndani ya tangi ni cha zamani kama gari lenyewe. Chovya kijiti safi cha mbao kama shingo ya tangi imenyooka, au ongeza lita tano unazozijua.

Toa kiasi cha petroli kwenye chupa angavu ya kioo na uiache itulie robo saa. Maji hukaa chini, yakiwa na mstari unaoonekana. Kutu hutua kama unga wa kahawia. Petroli iliyochanganywa na ethanoli ina tabia yake: ethanoli hunywa unyevu wa hewa, na ikishiba hujitenga pamoja na maji na kuzama chini, kule kule ambako bomba la kunyonyea hufika. Petroli iliyokaa miezi mingi hunuka kama vanishi ya zamani. Ukiipata ya namna hiyo, mwaga yote mahali panapopokea taka za mafuta, wala usijaribu kuichanganya na mpya.

Halafu kifuniko. Petroli inapotoka tangini lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo tangi linajifunga lenyewe na pampu inabaki kuvutana nalo. Jaribio lake ni rahisi kuliko yote: gari linapoanza kufa, simama na ulegeze kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti ndefu ya "shii", na gari likapona papo hapo, umepata. Kumbuka pia kwamba baadhi ya magari hupumulia kwenye mpira mwembamba wa pembeni na kifuniko chake hakina tundu. Kifuniko cha aina moja kikiwekwa kwenye gari la aina nyingine kinaweza kuleta balaa hili bila mtu kushuku.

Je, petroli inafika kwenye kabureta, na kwa wingi gani?

Hiki ndicho kipimo kinachogawa kazi yote. Chomoa waya mwembamba wa koili ili kusiwe na cheche. Chomoa mpira wa petroli pale unapoingia kwenye kabureta, unganisha mpira mrefu, na uupeleke kwenye chupa iliyo chini, mbali na injini. Mwenzako apige stata kwa sekunde 10 au 15.

Pampu ya kusukumwa na injini hupiga mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki (mhimili mkuu wa injini), kwa hiyo kwa mwendo wa stata usitegemee mto. Unachotafuta ni midundo iliyo sawa, kila mmoja ukitoa petroli kwa nguvu. Matone, midundo inayoruka mmoja na kuja mwingine, au povu, hiyo ni kasoro.

Pampu ya umeme ni rahisi zaidi: washa swichi, pima muda. Waya wa koili uwe umechomolewa hapa pia, maana swichi ikikaa imewashwa na platini (nyuso za kuunga na kukata umeme wa koili) zimegusana, koili inapata joto bure.

Kiasi gani kinatosha? Piga hesabu. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 na kwenda kilomita 100 kwa saa linakunywa lita 10 kwa saa, yaani kama mililita 167 kwa dakika. Likipanda mlima akseleta ikiwa chini, matumizi hayo yanaweza kuongezeka mara mbili au tatu. Kwa hiyo pampu ya injini ya kawaida isiyotoa nusu lita kwa dakika haina akiba. Kwa injini kubwa za V8 za Marekani kipimo kilichozoeleka ni karibu nusu lita ndani ya sekunde 30, injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa akseleta. Unaweza kukipima kwa sababu injini itaendelea kwa muda mfupi na petroli iliyobaki kwenye bakuli, lakini rudisha kwanza waya wa koili, chupa ikae chini mbali na ekzosi, na mtu wa pili asimame na kizimamoto.

Sasa zamisha mdomo wa mpira ndani ya petroli ya kwenye chupa, na tazama. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyokuwa ndani ya mpira. Yakiendelea baada ya hapo, kuna mahali mfumo unanyonya hewa.

Upande wa kunyonya, ambako kasoro hujificha

Hapa naomba usiende haraka. Mpira uliopasuka baada ya pampu unavuja, utauona, utaunusa. Mpira uliopasuka kabla ya pampu hauvuji chochote. Mle ndani kuna mvuto, si msukumo, kwa hiyo badala ya petroli kutoka, hewa inaingia. Sakafu ni kavu, hakuna harufu, na pampu nzima kabisa inaonekana imekufa. Pampu nyingi zinazotupwa zilikuwa hazina kosa, na mtu akizitupa analipia kosa la kipande cha mpira.

Jaribio la kuamua ni hili. Chukua mpira mpya na kopo safi la petroli lenye kifuniko. Chomoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye pampu, uuzibe, kisha ilishe pampu kutoka kwenye kopo, likiwa chini kwenye usawa wa tangi na si juu ya injini, maana petroli ikishuka yenyewe itaficha udhaifu wa pampu. Rudia kipimo cha chupa. Mtiririko ukirudi kamili, pampu ni nzima na ugonjwa uko nyuma yake: tangi, bomba, filta au mipira. Usipobadilika, ugonjwa uko kwenye pampu au mbele yake. Kwa dakika kumi umeligawa gari sehemu mbili.

Kama ni nyuma, fungua kifuniko cha tangi, chomoa bomba kwenye pampu, na upulize hewa kuelekea tangini kwa presha ndogo. Usipulize kamwe kupitia pampu, utapasua diaframu, utando wake wa ndani. Mwenzako aweke sikio kwenye shingo ya tangi: lazima asikie mapovu yakibubujika bila shida. Ukisikia kizuizi kisha kikaachia ghafla na gari likapona, usishangilie bado. Umesukuma uchafu kurudi tangini, na baada ya siku chache utarudi kukaa kwenye chujio la mdomo wa bomba. Tangi hilo lishushwe na lisafishwe.

Mipira yote ya njia hii ipasuliwe na kubadilishwa kwa pamoja. Nunua mpira ulioandikwa kiwango chake ubavuni. SAE J30R9 huvumilia ethanoli vizuri kuliko ule wa J30R6 wa magari ya zamani. Klampu ziwe za kuzunguka pande zote sawa, si zile zenye meno yanayokata mpira.

Pampu yenyewe

Pampu ya kusukumwa na injini ina diaframu, vali mbili ndogo na mkono unaopandishwa na kamshafti. Anza na tundu dogo lililo chini ya mwili wake: petroli ikitoka hapo, diaframu imepasuka. Kisha vuta kijiti cha oili. Oili ikinuka petroli au kiwango chake kikiwa kimepanda, usiwashe injini tena. Petroli inashuka kwenye sampu (chombo cha oili chini ya injini), inaifanya oili iwe nyepesi kama maji, na beringi za krenki hazitakusubiri. Badilisha pampu, oili na filta kwa pamoja.

Ukiwa umeishusha, ziba tundu la kuingilia kwa kidole na usukume mkono wake mara kadhaa: kidole kivutwe na kibaki kimevutwa kwa sekunde kadhaa. Kikiachiwa mara moja, vali imechoka. Angalia pia gasketi ya chini yake. Gasketi nene kupita kiasi hupunguza safari ya mkono, na pampu mpya kabisa itatoa kidogo.

Pampu ya umeme ya SU inazungumza, na ukijua lugha yake hutahitaji vifaa vingi. Ikigonga mfululizo kwa haraka bila kutulia, inanyonya hewa au tangi ni tupu. Ikigonga polepole kwa uzito huku gari likikosa nguvu, inavuta dhidi ya kizuizi. Ikinyamaza kabisa, ama haina umeme ama nyuso za platini zake zimeungua. Kwa hali ya kawaida inagonga haraka bakuli linapojaa, kisha inatulia.

Kwa pampu yoyote ya umeme, pima volti kwenye terminali zake ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imetulia. Tofauti na betri ikizidi nusu volti hivi, tafuta fyuzi yenye kutu, kiungo kilicholegea, na hasa waya wa ardhi uliofungwa kwenye bodi iliyopakwa rangi.

Presha, kwa ufupi

Geji ya presha ndogo, ya bar 0 hadi 1, huwekwa kwa kiungo cha T karibu na kabureta. Kabureta za SU huridhika na karibu bar 0.2, Weber za DCOE bar 0.2 hadi 0.25, V8 nyingi za Marekani bar 0.35 hadi 0.5. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Presha ikizidi, sindano ya floti (kizibo kidogo kinachofungwa na boya la ndani ya bakuli) inashindwa kufunga na kabureta inafurika. Ndiyo maana pampu iliyotengenezwa kwa mfumo wa kupuliza mafuta haifai hata kidogo hapa. Presha nzuri injini ikiwa sailensi haithibitishi wingi. Bomba lililoziba robo tatu linaweza kuonyesha presha kamili hadi siku utakapodai petroli nyingi.

Bakuli, floti na sindano

Petroli inafika vizuri hadi mlangoni na bado gari linakufa? Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halibahatishi. Nenda kwenye barabara tupu na salama, endesha kwa mzigo hadi dalili zianze, kisha kanyaga klachi, zima swichi pale pale na uliache gari liserereke hadi pembeni. Usitoe ufunguo, usukani unaweza kujifunga, na kumbuka breki za kusaidiwa na mvuto wa injini zitakupa mikanyago michache tu. Usiiwashe injini tena. Fungua bakuli na utazame. Likiwa karibu tupu, petroli haiingii kwa kasi ya kutosha. Likiwa limejaa, acha kabisa habari za pampu na urudi kwenye jeti (vitundu vya kupimia petroli), hewa inayovuja kwenye manifoldi (njia ya kuingilia injini) au mfumo wa cheche.

Bakuli likiwa tupu na pampu ni nzima, kuna mahali pawili pa kutazama. Kwanza chujio dogo la waya ndani ya kiungo cha kuingilia kwenye kabureta, ambalo wengi hawajui kwamba lipo. Pili sindano ya floti. Ikiwa kugonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi kunaliponya gari kwa muda, sindano inanata. Ncha yake ikiwa na mfereji uliochimbika, ibadilishe pamoja na kiti chake. Floti ya shaba itikise sikioni. Ukisikia petroli ndani, imetoboka. Ukiizamisha kwenye maji ya moto, mbali na jiko, vipovu vitakuonyesha tundu liko wapi. Lakini floti iliyotoboka huzama na kufurisha kabureta. Anayekosa mafuta atafute zaidi floti iliyopinda inayofunga sindano mapema mno.

Likiwa la moto tu

Petroli ya leo imetengenezwa kwa ajili ya mifumo yenye presha, na kwenye mfumo wa zamani huchemka kwa urahisi. Tenganisha hali mbili. Gari likifa likiwa safarini kwenye foleni au mlimani, huenda mvuke umejaa bombani au kwenye pampu: funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, na likipona baada ya dakika chache umeelewa. Gari likigoma kuwaka baada ya kuegeshwa robo saa likiwa la moto, mara nyingi petroli ya bakuli imechemka na kumwagikia kwenye manifoldi. Huko kuna mafuta mengi mno, si machache. Kanyaga akseleta hadi chini, ishikilie, piga stata.

Tiba yake ni kulihamisha bomba mbali na ekzosi, kuweka kizuizi cha joto na gasketi nene ya kukinga joto chini ya kabureta, au kuongeza bomba la kurudisha petroli tangini ili isikae ikipashwa moto. Pampu ya umeme ikae chini na karibu na tangi, kwani inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Na usiogope ukiona filta ya plastiki angavu haijajaa. Ikiwa mtiririko umepimwa na unatosha, nafasi ile ya hewa haidhuru.

Baada ya kufunga

Washa injini, pitisha kidole kavu kwenye kila kiungo, endesha hadi ipate joto kamili, kisha pitisha tena. Vijibomba vya shaba vilivyobanwa tu kwenye mwili wa kabureta vitikise. Kimojawapo kikilegea, gari lisitoke hadi kirekebishwe.

Baada ya kilomita mia hivi toa filta, ikate katikati na ukung'ute kilichomo juu ya kitambaa cheupe. Pitisha sumaku kali. Chembe za kutu mara nyingi huifuata, na hizo zinatoka tangini au kwenye bomba la chuma. Vipande vyeusi vinavyobaki kwenye kitambaa ni mpira, na maana yake ni kwamba kuna kipande cha zamani ambacho bado hujakifikia.